Beba kadi, pedi utazikuta: afya ya mwanamke anayehamia Uingereza

Masanduku mengi ya wanawake wanaotoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda kuishi Uingereza hujazwa kisichohitajika na kukosa kinachohitajika. Kisichohitajika ni pedi za miezi sita. Kinachohitajika ni kadi ya uzazi wa mpango, majibu ya altrasaundi na vipimo vya damu, na tarehe ya sindano ya mwisho. Pedi ziko kila supamaketi, na zile zenye chapa ya duka lenyewe huuzwa takriban pauni moja kwa pakiti. Lakini siku uliyowekewa kijiti pale Mbagala au Kawangware haimo kwenye kompyuta ya mtu yeyote huku.

Tuzimalize pedi kwanza. Matone yaliyochorwa kwenye pakiti yanaonyesha uwezo wa kunyonya. Urefu na mabawa ni habari nyingine. Wageni wengi huchukua zile nyembamba kwa kuwa ndizo zinazojaa mbele ya rafu, halafu zinavuja. Damu ikitoka kwa mkupuo, pedi nyembamba haiwahi kuinyonya, inapita pembeni. Mwenye hedhi nzito atafute nene, au avae za usiku hata mchana. Angalia pia usichukue pedi za mkojo. Huwekwa rafu hiyohiyo, nazo zina matone na rangi zilezile za zambarau na waridi, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya wanaovuja mkojo na kwa kawaida ni ghali zaidi. Ukishazitumia usizitupe chooni hata kama jirani yako wa chumba anafanya hivyo, kwa sababu bomba likiziba mwenye nyumba atawadai wote gharama za fundi. Vyoo vya umma vina pipa lenye kifuniko pembeni. Kwenye nyumba ya kupanga kwa kushirikiana mara nyingi halipo, kwa hiyo zifunge kwenye mfuko na uzitie kwenye taka za kawaida, si zile za kuchakatwa.

Tamponi hupimwa kwa gramu za damu: ya kawaida hubeba gramu 6 hadi 9, inayofuata 9 hadi 12, kubwa zaidi 12 hadi 15. Kanuni ni kutumia ndogo kabisa inayotosha na kuibadilisha kila baada ya saa 4 hadi 8. Ukipata homa ya ghafla, kutapika na vipele huku umeivaa, itoe na uende hospitali saa ileile. Sumu ya bakteria inayosababisha hali hiyo ni nadra, lakini haingoji miadi. Kikombe cha hedhi hubeba mililita 20 hadi 30 na hukaa hadi saa 12. Shida yake kubwa kwa mwanafunzi ni kukichemsha kwenye jiko la watu sita. Nunua kisufuria chako, au tumia vidonge vya kusafishia chupa za watoto. Na kama una kitanzi, ingiza kidole uminye kikombe kwanza ili hewa ipite ndipo ukivute, la sivyo unaweza kukivuta na kitanzi chenyewe.

Uingereza ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi na tamponi tarehe 1 Januari 2021, na kwenye chupi za hedhi mwaka 2024. (Kwetu, Tanzania iliifuta mwaka 2018 ikairudisha 2019, Kenya ilishaifuta tangu 2004.) Scotland, ambayo kama England ni sehemu ya Uingereza, imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 15 Agosti 2022 sheria inazitaka halmashauri, shule na vyuo kutoa bidhaa za hedhi bure kwa yeyote anayezihitaji, na kuna programu ya simu iitwayo PickupMyPeriod inayoonyesha pa kuzichukua. Huombwi kueleza sababu. England hakuna sheria kama hiyo. Zipo bure kwa wasichana wa shule za serikali na vyuo vya hadi miaka 19, na ukilazwa hospitali muombe nesi, atakupa. Mwezi ukikubana, benki za chakula nazo huwa na pedi, ingawa lazima uulize maana haziwekwi mezani.

Pedi ni jambo dogo. Kinachowakwamisha wengi ni matibabu, na sababu mara chache huwa fedha. Mwenye viza ya zaidi ya miezi 6 alishalipa ada ya afya alipoomba viza: tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na 776 kwa mwanafunzi. Waliokuja kwa viza ya wafanyakazi wa afya hawaidaiwi. Kwa hiyo huduma ni yako. Tatizo ni kuingia mlango usio wake. Sisi tumezoea kwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa, kulipa, kupimwa na kuondoka na dawa siku hiyohiyo. Hapa bingwa wa wanawake hakuoni bila rufaa ya daktari wa familia, ambaye kila mtu humwita GP, na GP hakuoni kama hujajiandikisha.

Jiandikishe wiki ya kwanza, ukiwa mzima. Ni fomu ya karatasi au ya mtandaoni. Kwa taratibu za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, huhitaji kuonyesha pasipoti, viza wala uthibitisho wa anwani. Baadhi ya watu wa mapokezi huvidai hata hivyo. Waambie kwa upole kwamba huna, kisha uombe wakuandikie sababu ya kukukataa. Mara nyingi mjadala huishia hapo. Ukihama mji, jiandikishe upya kule uendako, maana barua za vipimo hufuata anwani iliyo kwa GP. Ujaze pia lugha unayotaka. Mkalimani ni bure, kwa kawaida kwa njia ya simu, na hakuna sababu ya kumtumia mume au mtoto kutafsiri habari za tumbo lako. Mama anayetoka Goma au Lubumbashi aseme wazi kwamba anataka mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, kwa sababu akipewa wa Unguja wanaweza kupotezana katikati ya maelezo.

Miadi ya GP huwa ya dakika kama 10, na nyingi hutolewa asubuhi simu zinapofunguliwa saa mbili. Kwa England, tangu Oktoba 2025 vituo vinatakiwa kuacha fomu ya mtandaoni wazi saa zote za kazi, na kwa mambo ya wanawake fomu ina faida: unaandika kwa utulivu, na unaomba daktari wa kike bila kulitamka mbele ya foleni. Kwenye uchunguzi wa sehemu za siri una haki ya kuwa na shahidi chumbani, yaani mtumishi mwingine wa kituo. Si kila mara utaletewa bila kuomba, hivyo omba.

Katika dakika hizo 10 usiseme "natoka damu nyingi". Kila mwanamke husema hivyo, na daktari hawezi kuandika chochote. Mpe tarakimu: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hedhi huchukua siku ngapi, pedi ngapi zinaloa kabisa siku ya pili, unaamka mara ngapi usiku kubadilisha, kama unavaa mbili kwa pamoja, na mabonge yana ukubwa gani. Hedhi huhesabiwa nzito ukilazimika kubadilisha kila saa moja au mbili, ikipita siku 7, au mabonge yakizidi sentimita 2.5, yaani upana wa sarafu ya peni 10. Andika haya kwenye simu kwa miezi miwili na umsomee. Utamaduni wetu wa kuvumilia hauna faida hapa: ukitabasamu na kusema "si mbaya sana", hivyo ndivyo itakavyoandikwa, na ombi lako litarudi mwisho wa foleni.

Hatua yake ya kwanza itakuwa kupima damu. Hapo kuna mtego wa namna mbili za kuandika majibu. Maabara za kwetu huandika himoglobini kwa gramu kwa desilita, mfano 9.8. Huku huandikwa kwa gramu kwa lita, kwa hiyo hiyohiyo ni 98. Usifurahi kwamba imepanda mara kumi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 120 ni upungufu wa damu. Omba pia akiba ya madini ya chuma, iitwayo feritini, kwa kuwa inaweza kuwa imekwisha wakati himoglobini bado inaonekana sawa, na ndiyo maana unachoka na nywele kukatika huku unaambiwa damu iko vizuri. Ukipewa vidonge vya chuma, tumia kimoja kwa siku, tumbo likiwa tupu kama unaweza kustahimili, na uvitenganishe na chai kwa saa moja au zaidi. Chai ya maziwa juu ya kidonge cha chuma hupunguza sana dawa inayoingia mwilini, na sisi watu wa pwani tunapenda kuviunganisha.

Kupunguza damu yenyewe, GP mara nyingi ataandika moja kati ya njia tatu. Asidi ya tranexamic ni gramu moja mara tatu kwa siku, kuanzia damu inapoanza, kwa siku zisizozidi 4, na haimfai aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu. Mefenamiki, ambayo kwetu tuliizoea kununua dukani, hapa ni dawa ya kuandikiwa. Ya tatu ni kitanzi chenye homoni, na wanawake wetu wengi hukikataa kwa kusikia kwamba "kinafunga damu tumboni". Hakifungi kitu: kinafanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba, damu ya kutoka ikawa kidogo. Lakini miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hutokea matone yasiyo na mpangilio, na wengi hukitoa mwezi wa pili, kabla hakijafanya kazi yake.

Uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, huwapata wanawake weusi mapema na kwa wingi zaidi kuliko weupe. Kama uliwahi kuambiwa nyumbani kwamba unao, peleka ile ripoti ya altrasaundi yenye vipimo vya kila uvimbe. Bila hiyo utaanza upya. Rufaa ina lengo la wiki 18, na siku hizi foleni huvuka lengo hilo. Baada ya rufaa piga simu hospitali kuuliza kama wameipokea, na waambie uko tayari kuitwa kwa taarifa fupi nafasi ya mtu ikifutwa. Ukikaa kimya, nafasi hizo hupewa waliopiga simu. Ukiwa unaloesha pedi nzima kila saa na kichwa kinazunguka, hiyo si habari ya foleni: piga 111, namba ya ushauri ya NHS, au nenda idara ya dharura.

Uzazi wa mpango ni bure kwa kila mtu, hata mwenye viza ya utalii, na kliniki za afya ya uzazi na ngono hukupokea bila kujiandikisha kwa GP. Kwa kawaida kumbukumbu zao hukaa kando na za GP. Hapa ndipo kadi yako ya nyumbani inapotakiwa. Kijiti kinachowekwa Uingereza ni kimoja, cha miaka 3. Tanzania na Kenya wengi wamewekewa viwili: Jadelle, ya miaka 5, au Levoplant, ya miaka 3. Nesi wa huku akipapasa mkono na kukuta viwili, hajui ni vipi na vinaisha lini, na wengine hawajawahi kuvitoa. Ukipiga simu sema mapema kwamba ni viwili, ili wakupangie aliyefunzwa. Usikubali mtu abahatishe. Kilichotafutwa kwa kuchokonoa huacha kovu, na kipande kikibaki ndani shida huanza upya.

Sindano ya Depo ni ileile, ila huku hutolewa kila wiki 13 na nyumbani mara nyingi kila wiki 12. Yupo anayeweza kukuandikia dawa ya kujichoma mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo au paja, kama inavyofanyika Uganda, na kwa mfanyakazi wa zamu za usiku hiyo ni bora kuliko kutafuta miadi. Vidonge vya majira, famasi nyingi za England huvianzisha zenyewe bila GP. Wanakupima presha, kwa hiyo usiende ukiwa umetoka kukimbilia basi.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, ipo kwa jina jingine. Hufanya kazi ndani ya saa 72, na uzito ukizidi kilo 70 dozi huongezwa mara mbili, jambo ambalo maduka yetu hayakuambii. Kuna kidonge kingine kinachofika saa 120, na kitanzi cha shaba ndicho chenye uhakika kuliko vyote kikiwekwa ndani ya siku 5. Tangu Oktoba 2025 vidonge vya dharura hutolewa bure famasi nyingi za England. Mimba ikishaingia na huitaki, sheria ya England inaruhusu kuitoa hadi wiki 24, na unaweza kwenda mwenyewe bila rufaa ya GP. Kwa mwenye ada ya afya iliyolipwa, hadaiwi.

UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ilikuwa ikiwapeleka wanawake kwa GP bila ulazima. Tangu Januari 2024 famasi za England zinaruhusiwa kumpa antibayotiki mwanamke wa miaka 16 hadi 64 mwenye UTI ya kawaida. Mjamzito, au mwenye homa na maumivu ya kiuno, aende kwa daktari. Usitarajie kununua antibayotiki bila maswali, wala usije na mzigo wa siprofloksasini kutoka Kariakoo. Fangasi pia humalizwa famasi kwa kidonge kimoja cha fluconazole cha miligramu 150, ambacho mjamzito hapewi. Mwasho ukirudi mara mbili katika miezi 6, pima sukari. Dawa za kuandikiwa England ni pauni 9.90 kila aina moja. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ni bure.

Barua ya kupima mlango wa kizazi itakuja ukikaribia miaka 25, kama umejiandikisha. Usiitupe kwa sababu ulishapimwa kwa siki nyumbani. Kile hutazama mabadiliko kwa macho. Hiki hutafuta HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Usipokutwa nacho, England wanakuita tena baada ya miaka 5. Anayeishi na VVU hupimwa kila mwaka, na amkumbushe nesi kama barua zinaonyesha vinginevyo. Weka miadi katikati ya mzunguko, acha dawa za kuingiza ukeni siku 2 kabla, na omba kifaa kidogo. Vipo vya saizi tofauti, na unaruhusiwa kukiingiza mwenyewe.

Ukiwa mjamzito usimsubiri GP. Jaza fomu ya wodi ya wazazi ya hospitali iliyo karibu, ili mkunga akuone kabla ya wiki ya 10, kwa sababu kipimo cha selimundu kinatakiwa mapema. Kama baba wa mtoto anabeba vinasaba vya selimundu, sema. Mkunga atakuuliza kama umekeketwa. Anawauliza wanawake wengi, si wewe peke yako, na jibu lako humsaidia kupanga namna utakavyojifungua. Kufunguliwa kwa aliyeshonwa kunaweza kufanywa katikati ya mimba. Ujue hata hivyo kwamba mtumishi wa afya akigundua binti wa chini ya miaka 18 amekeketwa, sheria inamtaka kutoa taarifa polisi. Atakuuliza pia unakula nini, na hapo taja udongo. Ule unaouzwa kwenye maduka ya Waafrika umeshatolewa tahadhari na mamlaka za chakula kwa kukutwa na risasi na arseniki. Mkunga atakujazia pia fomu ya kupata dawa na matibabu ya meno bure, hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo katika mimba changa, hasa yakipanda begani au ukihisi kuzimia, piga 999, namba ya dharura.

Mama mzazi anayekuja kukusaidia na mtoto yuko kwenye hesabu nyingine. GP na idara ya dharura hawamtozi, lakini akilazwa hospitali ya England atatozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la pauni 500 au zaidi likipita miezi miwili hupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani na kuharibu viza zinazofuata. Mnunulie bima ya safari kabla hajapanda ndege. Wewe mwenye ada ya afya nawe una pengo lako: huko England haigharamii upandikizaji wa mimba kwa njia ya maabara.

Ukienda likizo ndefu nyumbani, Depo inaweza kuchomwa kuanzia wiki ya 10, hivyo ichomwe kabla hujasafiri. Ukibadilisha kitanzi, omba uandikiwe aina na mwaka wa kukitoa. Cha homoni cha miligramu 52 huku kinahesabiwa miaka 8 kwa kuzuia mimba, na mkunga wa Morogoro anayefuata karatasi ya zamani atataka kukitoa mwaka wa 5.